Miti mikubwa ya Entebbe: matembezi ambayo hata bibi anayaweza



Muvula na libuyu ni majina tunayoyajua sote. Kitanda cha kudumu ni cha muvula. Mlango ambao mchwa wanaupita bila kuugusa ni wa muvula. Seremala wa Goma akisema kabati hili ni la libuyu, bei inapanda, na mnunuzi hashangai. Lakini siku moja tuliwaambia watoto wa darasa la sita wachore mti wa muvula. Darasa zima likakaa kimya. Mwishowe mmoja akachora ubao.

Hatukuwacheka. Watoto wetu wa Vitshumbi wamezaliwa mahali pa nyasi, ziwa, viboko na ndege marabu. Wenzao wa Goma wamezaliwa juu ya mawe ya volkano. Wanaijua mbao, hawaujui mti. Na sisi wenyewe, tukijiuliza kwa haki, ni wangapi kati yetu tumewahi kuweka mkono juu ya muvula uliosimama?

Wengi wetu husema: miti hiyo iko ndani ya msitu mkubwa, huko kuna matope, nyoka na watu wenye bunduki, si mahali pa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Ni kweli kwa misitu mingi ya kwetu. Lakini kuna mahali ambapo mama mjamzito, bibi mwenye fimbo na mtoto anayejifunza kutembea wanaweza kupita wote chini ya miti mikubwa ya zamani, kwa njia pana, kisha wakarudi mjini kula chakula cha mchana. Ni Bustani ya Mimea ya Entebbe, Uganda, kando ya ziwa Victoria. Tumeitembelea, na tunataka kuwaeleza tulichokiona na kwa nini kinatuhusu sisi watu wa ziwa Edward.

Bustani yenyewe

Entebbe ni mji mdogo, karibu kilomita 40 kutoka Kampala. Wengi wanaujua kwa sababu ya uwanja wa ndege. Bustani iko ndani ya mji, na kutoka barabara kuu unafika kwa pikipiki kwa dakika chache. Ukubwa wake ni hektari zipatazo 40, yaani zaidi ya viwanja 50 vya mpira.

Ilianzishwa mwaka 1898, wakati Waingereza walipokuwa wanaanza kuitawala Uganda. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte, mtaalamu wa mimea aliyekuwa amefanya kazi Zomba, katika nchi tunayoiita leo Malawi. Tusidhani kwamba walikuja kwa ajili ya kupenda miti tu. Walitafuta mazao ya kuuza: mpira, kakao, kahawa, chai. Bustani ilikuwa shamba la majaribio. Waliotesha mbegu kutoka nchi za mbali, wakatazama ni ipi inaipenda ardhi ya hapa. Lakini pale palikuwa tayari na msitu wa asili, na sehemu ya msitu huo hawakuikata. Waliiacha isimame kati ya miti mipya. Kwa hiyo leo unakuta miti ya wenyeji na miti ya wageni ikiwa majirani, mingine ina zaidi ya miaka 100 tangu ipandwe, na mingine ilikuwepo kabla ya bustani.

Njia ya kutembea

Jambo la kwanza tulilolitazama ni njia, kwa sababu kundi letu lilikuwa na watu wa kila namna: walimu, mama mwenye mtoto wa miezi saba kwenye kikwembe, na mama mkubwa mmoja ambaye goti lake linamsumbua tangu zamani. Tuliogopa kwamba atabaki langoni akitusubiri.

Hakubaki. Njia za bustani ni pana, hata gari linapita. Ardhi inashuka polepole kuelekea ziwani, na mahali pengi ni majani mafupi, kama uwanja. Hakuna ngazi nyingi za kupanda wala mawe ya kuruka. Ukichoka, unatandika kikwembe chini ya mti na kukaa. Familia nyingi zinafanya hivyo, na mwisho wa juma utakuta hata maharusi wakipigwa picha. Mama yetu wa goti alitembea polepole, akapumzika mara nyingi, na akafika mpaka kwenye maji.

Penye uwazi jua ni kali. Ukiingia tu katika sehemu ya msitu, hewa inabadilika. Panapoa. Mwanga unakuwa wa kijani. Kamba za msitu zinaning'inia kutoka juu, nene kama mkono wa mwanaume, na watoto wanatamani kubembea. Juu kuna mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkiani, wanaruka kutoka tawi hadi tawi. Chini kuna tumbili wanaotazama mifuko ya watu. Hondohondo akipita, unasikia mabawa yake kabla ya kumwona.

Mizizi, matunda na wageni wa juu

Kitu cha kwanza kinachowashangaza watoto si urefu wa miti, ni miguu yake. Miti mikubwa ya msitu haina mizizi ya kwenda chini sana, kwa maana chakula cha udongo wa msitu kiko juu juu, katika majani yaliyooza. Basi baadhi yake imejitengenezea mizizi iliyosimama kama kuta kuzunguka shina. Kuta hizo zinaushika mti upepo unapovuma, kama sisi tunavyotanua miguu tukiwa ndani ya mtumbwi ziwa likichafuka. Mtoto wa miaka kumi anaweza kujificha kati ya kuta mbili, asionekane.

Muvula, ambao kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya ni mvule, unaweza kufika mita 50. Ni kama jengo la gorofa kumi na tano. Una jambo ambalo wamama watalipenda: kuna miti ya kiume na miti ya kike. Wa kike peke yake ndio unaozaa matunda, na anayeyasambaza zaidi ni popo mkubwa anayekula matunda. Anakula usiku, anaruka mbali, anaangusha mbegu. Yule popo ambaye watoto wanampiga mawe ndiye mkulima wa muvula. Ukiua popo wote, na ukikata miti ya kike yote, hata kama umebakiza miti mia ya kiume, hakuna kitakachoota.

Waganda wana mti mwingine mkubwa wanaouita muwafu, na matunda yake empafu. Yanafanana kidogo na zeituni. Huyachemshi sana: unayaweka katika maji ya vuguvugu mpaka yalainike, kisha unakula na chumvi. Ukilijeruhi shina, unatoka utomvu wenye harufu nzuri. Unawaka vizuri, na watu huutumia kama ubani. Mti mmoja unatoa chakula, mwanga na harufu ya sala, na hakuna aliyeukata ili kupata vitu hivyo.

Halafu kuna miti ya jamii ya mkuyu. Wale wa Rutshuru mnaujua umuvumu, ule unaobaki mahali palipokuwa na boma la zamani hata watu wakiondoka. Ndugu zake wa msituni wana tabia ya ajabu. Ndege anakula tunda, anaacha mbegu juu ya tawi la mti mwingine. Mbegu inaota huko huko juu, inateremsha mizizi kama nyuzi mpaka chini. Nyuzi zinanenepa, zinaungana, zinauzunguka mti uliomkaribisha mgeni. Baada ya miaka mingi mwenyeji anakufa, na mgeni anasimama peke yake, katikati akiwa na uwazi kama chumba. Mama mkubwa wetu alipoelezwa hivyo alisema kwamba wageni wa namna hiyo anawajua. Tulicheka wote.

Kwa Waganda mti mmoja wa jamii hii, mutuba, ulikuwa nguo. Wanabandua gamba lake, wanalipiga kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa kitambaa chekundu-kahawia. Shina wanalifunga kwa majani ya ndizi ili lipone, na mwaka unaofuata gamba jipya liko tayari. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa urithi wa wanadamu wote. Mti huo unaweza kuvunwa miaka kadhaa bila kuuawa.

Somo la kijiti

Kwa walimu na wamama wenye watoto wa shule, hapa kuna mchezo usiohitaji pesa. Chukua kijiti cha mita moja, kisimamishe penye jua, mahali ambapo kivuli cha mti kinaangukia ardhi wazi. Subiri mpaka kivuli cha kijiti kiwe mita moja kamili. Wakati huo huo pima kivuli cha mti kwa hatua, kuanzia shinani: urefu wa kivuli ni urefu wa mti. Kisha watoto washikane mikono kulizunguka shina, mhesabu ni wangapi. Mtoto akishapima mti kwa mwili wake mwenyewe, hausahau.

Watauliza: una miaka mingapi? Waambieni ukweli. Katika nchi za baridi mti unaandika mwaka mmoja kwa duara moja ndani ya shina, kwa sababu wakati wa baridi unalala. Kwetu ambako joto halikatiki, miti mingi haiandiki vizuri hivyo, na umri wake ni mgumu kuusoma. Mti wa asili mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko katika bonde la mlima Kilimanjaro, Tanzania. Mwanasayansi Mjerumani Andreas Hemp na wenzake waliutangaza mwaka 2016: mita 81 na nusu. Umri wake walikadiria miaka 500 hadi 600. Mti huo ni wa aina gani? Ni libuyu, aina ile ile inayoota katika milima yetu ya Kivu. Tulipofika nyumbani tuliutazama mlango kwa macho mengine.

Kwa nini bado imesimama?

Hili ndilo swali lililotufuata njiani kurudi Kampala. Entebbe ni mji. Watu wanapika kila siku. Uganda ilipita katika vita mwaka 1979 na tena katika miaka ya 1980, watu wakaona taabu kubwa. Kuni zilihitajika. Mbao zilikuwa na bei. Na bado miti ile iko.

Jibu si kwamba Mungu aliipenda Entebbe kuliko Rutshuru. Mti mkubwa ulio karibu na watu hauishi miaka 100 kwa bahati. Unaishi kwa sababu katika kila kizazi kuna watu waliokubali usikatwe. Wa kwanza walikuwa na faida zao, wa pili walikuwa na zao. Leo bustani iko chini ya shirika la taifa la Uganda la utafiti wa kilimo, na wanaoingia wanalipa langoni. Serikali zilibadilika na bendera ikabadilika, lakini makubaliano kuhusu miti hayakukatika. Yangekatika kwa kizazi kimoja tu, miaka 100 ingeisha kwa asubuhi moja ya msumeno.

Sisi wa ziwa Edward tunajua vitu vikubwa vinavyoondoka. Parke yetu ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ikaitwa Virunga mwaka 1969, na mwaka 1979 UNESCO ikaiweka kati ya urithi wa dunia. Tangu 1994 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Katika miaka ya 1970 viboko vya eneo letu vilikaribia 29,000. Mwaka 2005 walipohesabu, havikufika 1,000. Wavuvi wetu wa zamani wanakumbuka ziwa lilivyokuwa na samaki wakati mavi ya viboko yalipokuwa yanalilisha. Hakuna aliyeamka siku moja akasema: leo tumalize viboko. Kila mmoja alichukua kidogo, siku ya shida.

Kuni za samaki

Tuseme wazi jambo linalotugusa. Samaki wa Vitshumbi hafiki sokoni bila chumvi, jua au moshi. Moshi unataka kuni. Kuni ziko ndani ya parke, na sheria inakataza kukata. Mama anayekwenda kuzitafuta anahofia mlinzi, tembo na nyati, na anahofia zaidi wanaume wenye silaha. Goma nayo inapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika miti ya Virunga. Hatutamlaumu mama ambaye watoto wake wanangoja sufuria. Aliye na gesi asimhubirie aliye na mafiga matatu.

Lakini kutolaumu si kunyamaza. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Nyeri, Kenya, mtoto wa wakulima. Mama yake alikuwa anamtuma kuokota kuni, na alimkataza jambo moja: asiguse kuni za mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na chemchemi, na mtoto Wangari alicheza hapo na mayai ya vyura. Alikwenda kusoma Marekani. Aliporudi, akakuta mugumo umekatwa na chemchemi imekauka. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti pamoja na wanawake wa vijiji, wengi wao wasio na shule. Mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, wanawake hao walikuwa wamepanda zaidi ya miti milioni 30.

Tazameni lilipoanzia: kwa mama aliyemtuma mtoto kuni na kumpa mpaka. Hakumwambia asiokote kuni. Alimwambia mti ule, hapana. Mama huyo hakuwa na diploma wala mradi. Alikuwa na neno moja, na mtoto alilibeba maisha yote.

Tunachoweza

Ndani ya parke hatuwezi kupanda miti tunavyotaka, na hilo tuliheshimu. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza ni moto wenyewe. Zaidi ya miaka 50 iliyopita, wanawake wa Chorkor, kijiji cha wavuvi huko Accra, Ghana, walishirikiana na wataalamu kutengeneza tanuru ya kukaushia samaki. Ni sanduku la udongo au matofali lenye midomo ya moto mbele. Juu yake unapanga chekeche za mbao na waya, moja juu ya nyingine, hata kumi na zaidi. Moshi unapita kwa zote, hautoroki pembeni. Unabadilisha chekeche ya chini na ya juu ili samaki wakauke sawa. Kuni zinapungua sana, macho hayaumii kama kwenye moto wazi, na samaki anatoka na rangi nzuri. Udongo tunao. Waya unanunuliwa. Likelemba ya wamama kumi inaweza kujenga tanuru moja na kuitumia kwa zamu.

La pili ni jikoni. Loweka maharage usiku mzima, funika sufuria, kausha kuni kabla ya kuziwasha, na tumia mbabula iliyotengenezwa vizuri ambayo haimwagi joto pembeni. Haya yanaonekana madogo, lakini gunia la makala linalokwisha kwa wiki tatu badala ya mbili ni pesa ya daftari.

La tatu ni kwa ndugu zetu wenye mashamba nje ya parke, upande wa Kiwanja, Rutshuru au Masisi. Tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umewasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kukua haraka kwa ajili ya makala, ili shoka lisiingie parke. Kalitusi inakatwa na kuchipuka tena, ni mti wa kuni. Acheni iwe ya kuni. Lakini pembeni pandeni pia mti mmoja au miwili ya kutokatwa: umuvumu, muvula, libuyu. Muvula msiupande peke yake kwa safu, kwa kuwa kuna kadudu kadogo kanakovimbisha majani yake machanga na kuudumaza. Uchanganyeni na miti mingine, mmoja hapa, mwingine kule, kama popo anavyofanya.

La nne ni neno la mama. Kila nyumba iwe na mti mmoja ambao mtoto anaambiwa: ule, hapana.

Kwa atakayekwenda

Nendeni mkiwa na karatasi halali za safari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ulizeni bei langoni kabla ya kuingia, kwa maana wenyeji na wageni hawalipi sawa. Mwongoza wageni ana malipo yake, mpatane mapema. Anawasaidia sana watoto, kwa kuwa anajua jina la kila mti. Fikeni asubuhi, kabla ya jua kali, mkiwa na bidoni ndogo ya maji, viatu vya kufunika vidole na nguo ya mikono mirefu kwa mtoto mdogo. Msiwape tumbili chakula. Mtoto asicheze ndani ya maji ya ziwa pembeni, kuna hatari ya kichocho. Bibi apewe muda wake. Saa mbili zinatosha kwa wote, hata mkikaa kikao cha kula.

Mkifika kwenye maji, waonyesheni watoto jambo moja zaidi. Ziwa Victoria linatoa maji yake kwa mto Nile, na Nile inaingia katika ziwa Albert. Ziwa letu la Edward linatoa maji yake kwa mto Semliki, nao unaingia katika ziwa hilo hilo la Albert. Maji yaliyopita chini ya mitumbwi ya Vitshumbi na maji yaliyogusa miguu ya miti ya Entebbe yanakutana, halafu yanakwenda pamoja mpaka Misri. Mtoto aliye ukimbizini akijua hivyo, anaona kwao si mbali sana.

Na ninyi ambao hamtaweza kwenda, wala msijione mmeachwa. Kwa mkutano wa wiki ijayo kila mama alete jina la mti mkubwa kuliko yote anaoujua, kwao alikozaliwa au hapa alipo: jina kwa Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au lugha nyingine yoyote, mahali uliposimama, kazi yake, na kama bado upo. Mwulizeni bibi kwanza, maana majina mengi yako kwake peke yake. Tutayaandika yote katika daftari la chama, na shule itaombwa kuwasomea watoto.